Anayekuuzia Safari ya Mto Hana Mto

Msonyo wa leo ni mrefu, na aliyeusababisha hayupo kijiweni kujitetea. Keshapanda basi la alfajiri kwenda Dar, na huko anaunganisha ndege kurudi Ulaya anakoishi. Ni mtu wetu. Baba yake wa Masasi, wajomba zake wa hapa Newala, na kwa Wamakonde ukishakuwa na wajomba huhitaji kitambulisho kingine. Alikuja likizo, akapanda mlima kuwasalimia wakubwa, akakaa nasi karibu na stendi, akaagiza kahawa kwa kijiwe kizima na kashata juu yake. Mtu akikununulia kashata, unamsikiliza hadi mwisho.

Kisa chake ni hiki. Agosti 2022 yeye na mkewe walipanda meli ya kitalii katika mto Rhine, Ujerumani. Pesa walikuwa wameilipa yote miezi mingi kabla. Katika picha waliona meli ndefu nyeupe, chumba chenye dirisha linalotazama maji, chakula cha kuletewa mezani, na ahadi kwamba kila asubuhi wangeamka mji mwingine bila kubeba begi. Walipofika, mto ulikuwa umepungua hadi mawe yanaota jua. Meli ikatembea kidogo, ikafungwa gatini, ikawa nyumba ya wageni. Asubuhi wanakunywa chai melini, wanapakiwa kwenye basi kwenda kuona makasri na mashamba ya zabibu, jioni basi linawarudisha palepale.

"Nimelipia meli, nimepewa basi," akasema.

Kijana wa bodaboda hakuweza kujizuia. "Sasa njomba, si ungekuja tu kupanda basi la Masasi? Vumbi lipo, mabonde yapo, na nauli unailipa siku hiyohiyo!"

Tulicheka hadi muuza kahawa akamwaga kikombe. Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Newala hadi Masasi ni kilomita 210, na lami yake imekuwa ikija kwa vipande tangu tukiwa vijana. Ukitaka kutalii kwa basi, wahi foleni.

Muuza kahawa, ambaye hesabu ni kazi yake, akauliza la maana: "Walikurudishia pesa?"

"Walinipa punguzo. La safari ijayo."

"Ijayo? Kwenye mto uleule?"

Hapo ndipo msonyo ulipoanzia, ukazunguka benchi zima kama mchezo wa bao ulioharibika.

Tusimwonee, maana hakudanganya. Mwaka ule Ulaya ilikauka kweli. Mto Danube ulishuka hadi mabaki ya meli za kivita za Wajerumani, zilizozamishwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, yakaibuka karibu na Prahovo kule Serbia. Wala haikuwa mara ya kwanza. Oktoba 2018 kipimo cha maji ya Rhine pale Kaub, sehemu ambayo manahodha wote huiangalia kabla ya kuamua lolote, kilishuka hadi sentimita 25. Kipimo hicho hakimaanishi kwamba mto wote una kina cha shubiri moja, lakini kikifika hapo meli nyingi hazipiti. Maji yakizidi nako ni taabu nyingine, kwa sababu meli haipiti chini ya madaraja. Kwa hiyo wenye kazi hiyo wana mbinu zao. Meli moja inasimama upande huu wa sehemu yenye maji haba, nyingine inayofanana nayo inasimama upande wa pili, na abiria wanavushwa kwa basi na mabegi yao kutoka hii kwenda ile. Ukisoma mkataba vizuri utakuta haya yameandikwa, kwa maandishi ya kuvutwa na miwani: kampuni inaweza kubadili njia na ratiba kutokana na hali ya maji. Redio zetu husema kwa pumzi moja mwishoni mwa tangazo: vigezo na masharti kuzingatiwa. Nani amewahi kuvizingatia?

Mama ntilie wa pembeni, ambaye huwa anasikiliza mazungumzo yetu huku anageuza chapati kana kwamba hasikii, akapitisha neno: "Ninyi watu wa Newala mna raha. Maji ya kunywa tunayasubiri bombani, halafu mnakaa kujadili maji ya kuogelezea meli."

Amesema kweli. Uwanda wa Makonde hauna mto juu yake. Mvua inanyesha, mchanga unaimeza, kwisha. Bibi zetu walishuka bondeni na mitungi na kupanda nayo mteremko ule unaotutoa jasho hata tukiwa mikono mitupu. Mradi wa Maji Makonde, ambao mizizi yake ni ya miaka ya 1950, hadi leo kazi yake ni kuyasukuma maji kutoka visima vya bondeni, kama vile vya Mitema kule Kitangari, yapande huku juu. Sisi maji tunayatazama kwa mbali. Nenda Shimo la Mungu siku isiyo na ukungu, usimame ukingoni: bonde lote liko chini yako, Ruvuma iko kule, na ng'ambo yake ni Msumbiji.

Na ni Ruvuma iliyomfanya Mwalimu wetu, mstaafu aliyefundisha historia Masasi na Newala hadi chaki ikamwingia kwenye sauti, asukume kikombe kando. "Mnamcheka huyu bwana bure," akasema. "Mtalii wa kwanza kukatishwa tamaa na safari ya mto hakwenda Ujerumani. Alikuja hapo chini. Tena alirudia."

Alikuwa anamzungumzia Daktari David Livingstone. Shuleni tulimsoma kama mvumbuzi. Mwalimu anamsoma kama abiria mwenye malalamiko, na mimi nikishauchuja ushahidi naona ana hoja.

Tuanzie Zambezi, kwa sababu mkosi ulianzia huko. Livingstone alivuka Afrika kutoka magharibi hadi mashariki, akamaliza mwaka 1856, akarudi Uingereza kuwaeleza watu kwamba Zambezi ni njia ya meli ya kuingilia kati ya bara. Ila alipokuwa akiteremka na mto huo alikata kona kwa nchi kavu, akairuka sehemu ya Cahora Bassa bila kuiona. Sehemu hiyo ndiyo yenye maporomoko ambayo hayapitiki kwa meli. Dalali wa viwanja angefungwa. Yeye alipewa msafara wa Serikali na meli. Meli ikaitwa Ma Robert, yaani Mama Robert, jina ambalo Waafrika walimwita mkewe kwa mwanawe wa kwanza, kama tunavyoitana sisi. Mwaka 1858 wakafika Cahora Bassa, wakayaona maporomoko, na biashara ya Zambezi ikaishia hapo. Meli yenyewe ilikuwa ya bati jembamba, ikatoboka na kuzibwa, ikazibwa na kutoboka, na Desemba 1860 ikazama.

Mtu mwingine angerudi nyumbani kuomba radhi. Daktari akasema: basi kuna mto mwingine. Mdomo wa Zambezi ulikuwa mikononi mwa Wareno, naye alitaka njia ya kufika Ziwa Nyasa bila kuwapigia hodi. Akauangalia Ruvuma katika ramani, akautamani. Akatumaini kwamba unatoka ziwani. Hautoki. Ruvuma huanzia kwenye milima ya Matogoro, pale Songea, na kusafiri takriban kilomita 800 hadi Bahari ya Hindi.

Februari 1861 meli mpya, Pioneer, ikatia nanga kwenye mdomo wa Ruvuma. Ikamngoja Askofu Charles Mackenzie wa misheni ya Kianglikana ya UMCA. Machi akafika na baadhi ya watu wake, wakaanza kuupanda mto. Sasa hapa sisi wa huku tunajua kalenda. Machi mvua inaelekea ukingoni, na mto uliofurika wiki hii wiki ijayo unaweza kukuacha juu ya mchanga. Pioneer nayo ilikuwa meli ya kwenda chini mno majini, kuzidi ilivyoagizwa. Walikwenda kama maili 30 tu, maji yakaanza kuwatoka chini ya miguu. Wakageuza haraka, wasije wakakwama hadi masika ya mwaka unaofuata. Wakati wa kuondoka homa ikawaangusha mabaharia, hata Daktari na wenzake wakalazimika kuiongoza meli wenyewe hadi Komoro. Ukiona mwenye safari ndiye ameshika usukani na mabaharia wamelala, jua huduma imeporomoka.

"Akakoma?" akauliza kijana wa bodaboda.

Hakukoma. Mwaka 1862 ulikuwa mwaka wa misiba. Januari Askofu Mackenzie alikufa kwa homa. Aprili akafa Mary, mke wa Daktari, huyo Mama Robert mwenyewe, pale Shupanga. Mto Shire, ambao ulikuwa njia yake nyingine, maji yake yakapungua, meli haipandi. Basi Daktari akafanya uamuzi unaotaka msonyo wa pekee: kwa kuwa Shire umekauka, twende Ruvuma. Septemba! Kiangazi kilichoukausha Shire kilidhaniwa kitauruka Ruvuma kwa heshima. Mtoto yeyote wa Newala wa wakati ule, aliyetumwa bondeni na mtungi, angemwambia.

Safari hii alikuja na mashua ndogo badala ya meli, akiwa na Daktari John Kirk. Mto ulikuwa mpana wa kutisha, na maji yake yametawanyika kwenye vijito katikati ya mchanga. Wakawa wanateremka kuzikokota mashua walizokuja kuzipanda. Mahali fulani wenyeji wakadai ushuru wa njia, wakalipwa vitambaa, kisha mishale na risasi zikafuata hivyohivyo. Wageni nao wakafyatua bunduki, damu ikamwagika. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alipokuja, mwenyeji alizikwa. Wakaendelea hadi maili 156 kwa kufuata mikunjo ya mto, zaidi ya kilomita 250, wakakuta miamba na maji ya kasi. Mwisho wa safari. Kirk aliandika katika shajara yake kwamba haoni maelezo mengine ila Daktari amerukwa na akili. Huyo ndiye Kirk ambaye baadaye akiwa mwakilishi wa Uingereza Unguja alimbana Sultani Barghash hadi soko la watumwa likafungwa mwaka 1873. Hakuwa mtu wa maneno mepesi.

Angalieni alichofanya Daktari mara ya tatu. Machi 1866 alishuka Mikindani na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, akaenda kwa miguu. Alikodi Wamakonde wamkatie njia katika vichaka vinavyofunika pembe hii ya nchi, akafuata bonde la Ruvuma hadi Ngomano, pale mto Lugenda unapoingia. Wanyama wake waliteseka na kufa, na njiani aliona maiti za watumwa waliotelekezwa na misafara. Lakini alifika. Ardhi ilimpeleka alikokataliwa na maji. Miongoni mwa watu wake walikuwamo Susi na Chuma, na Chuma ni Myao. Hao ndio waliokuja kuubeba mwili wake hadi Bagamoyo baada ya kufa mwaka 1873.

Mwalimu hapo alinywa kahawa yake iliyokwisha kupoa, akamgeukia fundi cherehani ambaye ni wa Masasi na hujivunia mji wake kupita kiasi. "Na wewe, mji wako ni makombo ya safari hiyohiyo."

Fundi akanuna, ila historia haikumsaidia. Ile misheni ya Mackenzie iliyopanda Ruvuma na Pioneer ikageuzwa na mchanga ilikwenda Shire, ikapata hasara ya watu, mwaka 1864 ikakimbilia Unguja. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yuleyule mtaalamu wa sarufi ya Kiswahili, akaondoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa. Nia ilikuwa kuelekea Nyasa. Hawakupanda mto wowote. Wakashuka Lindi, wakatembea. Walipofika Masasi, chini ya majabali yale makubwa, watu wakasema hapa panatufaa, hatuendi mbele. Misheni ikawekwa hapo. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia, na ikasimama tena. Safari ya meli ilitoa malalamiko. Safari ya miguu ikatoa mji.

Wengine waliokuja baada yao walifuata somo hilo bila kulisoma. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wareno waliuvuka Ruvuma, wakapanda hadi Newala, wakaikalia Oktoba. Kabla Novemba haijaisha Wajerumani wakawa wamewarudisha ng'ambo. Novemba 1917 kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akiwa amebanwa na Waingereza, aliwavusha watu wake kwa miguu karibu na Ngomano hiyohiyo, maji yakiwa haba, akaingia Msumbiji na kuwakuta Wareno hawajajiandaa. Yeye aliuchukulia upungufu wa maji kuwa daraja. Daraja la kweli lilichelewa. Mwalimu Nyerere na Samora Machel walilizungumza mwaka 1975, na tarehe 12 Mei 2010 Marais Kikwete na Guebuza wakalizindua: Daraja la Umoja, mita 720, kutoka Mtambaswala wilayani Nanyumbu hadi Negomano. Kwa jina lingine Ngomano, palepale Daktari alipofika kwa miguu. Watu walikubali hatimaye kwamba Ruvuma ni wa kuvukwa.

Sasa turudi kwa mtu wetu wa Rhine. Kijiwe kilitoa hukumu mbili, zikagongana. Kijana wa bodaboda alisema kampuni ni wezi. Muuza kahawa alisema mteja ni mzembe. Mimi nasema kila mmoja ameshika nusu ya jambo. Anayekuuzia safari ya mto ana meli, ana wapishi, ana picha nzuri. Mto hana. Anakuuzia kitu ambacho nusu yake ni mali ya mawingu, na bei anakutoza ya kitu kizima. Hilo ndilo kosa lake, na ndiyo sababu Umoja wa Ulaya una sheria ya mwaka 2015 kuhusu vifurushi vya utalii, inayompa mteja haki ya kupunguziwa bei pale sehemu ya kifurushi inapokosekana. Yaani mtu wetu hakupaswa kushukuru kwa kupewa punguzo la safari ijayo na kunyamaza. Alipaswa kuandika barua, akaambatanisha ratiba aliyouziwa na ratiba aliyopewa, akadai pesa. Nilimwambia hivyo. Akasema aliona aibu. Jamani! Mtu anaona haya kudai chake kwa sababu mezani kuna kitambaa cheupe?

Na mteja naye ana lake. Alilipa mwezi wa kumi kwa maji ya mwezi wa nane mwakani bila kuuliza mwezi wa nane mto huo huwaje. Ukimwuliza mtu wa Kaub, atakwambia kama bibi yangu angekwambia kuhusu Ruvuma. Kuuliza si ujinga. Kulipa bila kuuliza ndio ujinga.

Nalisema hili kwa ukali kwa sababu msimu wa korosho hauko mbali. Minada ya vyama vyetu vya ushirika, TANECU na MAMCU, ikianza mwezi wa kumi, pesa itaingia, na pamoja nayo wataingia wauzaji wa kila kitu: viwanja visivyo na njia, simu zisizo na moyo, na sasa nasikia hata safari za ng'ambo za kulipia kidogokidogo. Mwaka juzi walikuwa wanauza pikipiki. Mwaka huu wanauza mandhari. Tunaowalaani wanunuzi wa kangomba kwa kutupa pesa kidogo korosho zikiwa bado maua, tusiwe wa kwanza kumpa mtu pesa nzima kwa mto ambao bado ni mvua.

Wapo pia vijana wetu wanaosema Ruvuma nao uwekewe mashua za watalii, wageni waone viboko na mamba, wapigwe picha na machweo. Wazo si baya. Lakini wakaambiwe ukweli na sisi wenyewe kabla hawajalipa: mto huu una miezi ya maji na miezi ya mchanga, una mamba wasiosoma ratiba, na pantoni ya Kilambo kule karibu na mdomo ilijulikana kwa miaka mingi kwamba inangoja maji yajae ndipo ivushe watu. Tuwauzie miezi ambayo mto upo. Miezi mingine tuwapandishe Shimo la Mungu wautazame kutoka juu, bei yake iwe ya kutazama, nasi tusionee haya kusema hivyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hukumu ya kijiwe ni hii, na Mwalimu ameipigia mhuri kwa kikombe kitupu. Kabla hujalipia safari ya mto wowote, uwe Rhine, uwe Nile, uwe Ruvuma, uliza mambo matatu: mwezi huo maji huwaje, yakikosekana napewa nini, na pesa yangu inarudi kwa njia gani. Jibu liwe la maandishi. Kama maandishi ni madogo, mpe mwanao akusomee, na akusomee kabla ya kulipa. Muuzaji akianza kukuonyesha picha badala ya kujibu, funga mfuko wako, agiza kahawa nyingine.